Vifaru vya Budapest na Neno "Nguvu"

Tunaposema kwamba serikali ina nguvu, na tunaposema kwamba askari ametumia nguvu, neno ni lile lile lakini mambo ni mawili. Hannah Arendt, mwanafalsafa wa siasa, alishikilia kwamba mambo hayo si mawili tu, bali yanapingana, na kwa kuwa Kiswahili kimetujalia neno "mabavu", nitalitumia kwa lile la pili.

Mnamo Januari 1919, mjini Munich, mwanasosholojia Mjerumani Max Weber aliieleza dola kuwa jumuiya inayofanikiwa kudai kwamba ndani ya mipaka yake ni yenyewe tu yenye haki ya kutumia mabavu. Hakusema kwamba dola haina njia nyingine. Alisema kwamba hiyo ndiyo alama inayoitambulisha. Arendt, aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, alianzia upande mwingine: nguvu ya kisiasa huzaliwa pale watu wanapotenda pamoja, haimilikiwi na mtu mmoja, na hutoweka wakitawanyika. Mtutu wa bunduki huleta utii wa papo hapo, ila nguvu hauizai.

Mwaka 1958 aliandika kwa kina juu ya Hungaria ya 1956, ambako wananchi waliuasi utawala wa kikomunisti ulioungwa mkono na Wasovieti, na kila nikiyarudia matukio yale hunigusa upya. Vifaru vya Kisovieti viliivamia Budapest tarehe 4 Novemba. Siku 10 baadaye, jiji likiwa limekwisha kutekwa, wajumbe waliochaguliwa viwandani waliunda Baraza Kuu la Wafanyakazi, na serikali ya János Kádár, iliyowekwa madarakani na vifaru hivyo, ikalazimika kuketi nalo, kwa sababu wafanyakazi, waliokuwa wamegoma, walilisikiliza baraza, hawakuwasikiliza mawaziri. Hapo ushiriki wa raia haukuwa kutumbukiza karatasi ya kura na kurudi nyumbani kungoja miaka. Mtu alisimama kiwandani mbele ya wenzake, akasema, akasikilizwa, kisha akatumwa akawasemee.

Desemba viongozi wa baraza walikamatwa. Arendt mwenyewe alikiri kwamba mabavu yanaweza kuivunja nguvu, ingawa hayawezi kuiumba. Lakini Kádár alitawala hadi mwaka 1988, na hapa ndipo ninapomwona Arendt amepita haraka mno. Watu walewale waliogoma walirudi kwenye mashine zao, wakalea watoto, wakazoea. Sidhani kwamba wengi wao walikuwa wameridhia. Nadhani walikuwa wamechoka. Kwa kijana aliyezaliwa Budapest baada ya vifaru kuondoka mitaani, uchovu wa wazazi wake ungeweza kuonekana kuwa ridhaa, na falsafa ya Arendt, ambayo naikubali kwa sehemu kubwa, haimpi kipimo cha kuvitofautisha.