Nilivyowatafuta wagonjwa wa TB Ujiji wakati wa korona

Korona ilipoingia Tanzania Machi 2020, kwetu Ujiji, mkoani Kigoma, watu wakaacha kukohoa. Yaani mbele za watu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi yangu ni kuwatafuta wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu (TB), na swali letu la siku zote, "Kuna mtu anakohoa wiki mbili au zaidi?", likawa la kufungiwa mlango. Nani akubali, jirani akisikiliza?

Homa, kikohozi na uchovu vimo kote kuwili. Ila korona huja kwa kasi, TB hujikokota wiki na miezi. Nikashika hapo.

Kila nyumba ilikuwa ikijifukiza: mwarobaini, mchaichai, majani ya mwembe (Ujiji hayo hatununui). Nikaanza kuulizia nyungu, yaani huko kujifukiza.

"Shikamoo mama. Mnajifukiza?"

"Marahaba mwanangu. Kila jioni."

"Nani hajapata nafuu?"

"Baba yao. Tangu Ramadhani mpaka leo."

Hapo ndipo nilipouliza dalili za TB: jasho la usiku na nguo zilizoanza kumpwaya.

Muuza duka la dawa naye nilimwomba: anayerudi tena kutaka dawa ya kikohozi, ampe namba yangu. Alikunja uso, akaona namnyang'anya wateja, lakini akakubali.

Makohozi tuliyachukulia nyuma ya nyumba, penye upepo, nami nikisimama upepo unakotokea. Jina naliandika ubavuni mwa kopo, maana mifuniko huchanganyikana. Mgonjwa avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani. Mate matupu hayatufai. Kopo nalipeleka maabara mwenyewe, mgonjwa asionekane kwenye foleni.

Baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu: waliogunduliwa na TB duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Wengine wakafurahia kusikia imepungua! Wagonjwa walikuwepo, wamejifungia na watoto wao.

Yule baba alikutwa na TB. Dawa ni bure, miezi sita, na wadogo wa chini ya miaka mitano wakachunguzwa na kuanzishiwa dawa kinga. Mama akauliza kama nyungu iendelee. Nikamwambia baba ajifukize peke yake, watoto wasiingie naye chini ya shuka, na vidonge asiruke hata siku moja.