Laki Moja ya Mchango wa Harusi

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, harusi zimerundikana kabla ya Ramadhani, nami nilikuwa naandika mihtasari ya vikao vya baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata moja ya Tanga. Mama mmoja muuza vitumbua alifika kudai hati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha hali chache maalumu, haimruhusu mtu kupeleka ombi la talaka mahakamani kabla shauri halijapita barazani. Baraza likishindwa kupatanisha ndipo hutoa hati, na hati hiyo isiwe imepita miezi sita siku ombi linapofunguliwa. Wengi hufika wameshakata shauri, wanataka karatasi tu. Huyu naye alikuja hivyo, na mumewe, dereva wa bajaji, akaitwa.

Mwenyekiti wetu, mama aliyewahi kufundisha shule ya msingi, alianza na viti. Mabenchi mawili yalikuwa yanatazamana. Akaagiza yawekwe pembe kwa pembe. Waliokasirikiana ukiwaketisha uso kwa uso, anayeinamisha macho huonekana ana hatia au ana dharau. Wakikaa pembe, kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake au kutazama dirishani bila kushukiwa. Kisha simu zikazimwa.

Mume alikuja na mjomba wake, mzee aliyejiandaa kusema. Mwenyekiti akamwamkia: "Shikamoo mjomba. Zamu yako ipo, ila tutakuomba uwe wa mwisho." Ulikuwa uamuzi wa busara. Mzee akitangulia, mke humjibu mzee badala ya mumewe, na ugomvi wa watu wawili unakuwa wa koo mbili.

Kisa chenyewe: mume alichangia shilingi 100,000 harusi ya binti wa dada yake, hakumwambia mkewe. Mke akaikuta kwenye orodha ya michango iliyotumwa na mhazini katika kundi la WhatsApp. Tangu hapo nyumbani walizungumza kupitia mtoto wa darasa la nne: "Mwambie baba yako maji ya kuoga yapo." Mtoto hafikishi neno kama alivyopewa, hulipunguza akiogopa, hulizidisha akiwa amechoka, na wakubwa hugombana juu ya maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Mke alipopewa nafasi alianza, "Siku zote ni ndugu zake kwanza." Mwenyekiti akamzuia taratibu. "Mwanangu, siku zote hatutazimaliza leo. Tupe siku ile ulipoiona orodha. Ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani?" Neno hilo "siku zote" huharibu mazungumzo mengi kwa sababu mwenzako anahitaji mfano mmoja tu wa kulipinga. Atakumbusha kitenge cha Idi, na hapo mnaanza kuhesabu fadhila. Tukio moja, lenye saa na mahali, halipingiki kirahisi.

Akaeleza kama dakika kumi, hakuna aliyemkatiza. Kisha mume akaambiwa kwamba kabla ya kujibu arudie alichosikia, mpaka mkewe aseme "ndivyo". Akasita. Mwenyekiti akamtuliza: "Baba, kurudia si kukiri kosa." Bila kauli hiyo wengi hukataa, wakidhani wanatiwa kitanzini.

Mara ya kwanza alisema, "Anasema mimi bahili kwake, mkarimu kwa kwetu." Mke akakataa, hakusema hivyo. Mara ya pili akayarudisha maneno ya mkewe moja moja, kama mwanafunzi anayekariri, mke akafyonya. Akaelekezwa aache maneno, atafute kilichouma. Akanyamaza kitambo, halafu: "Aliiona orodha mbele ya shoga zake, nao wakadhani anajua. Laki angeivumilia. Kupata habari zangu kwa watu ndiko kulikomchoma."

"Ndivyo," mke akasema.

Kwangu mimi, hapo ndipo kazi ya siku ile ilipofanyika. Watu huruka hatua hii kwa sababu wana jibu tayari, na mwenye jibu tayari hasikii.

Zamu ya mume ilipofika, mwenyekiti hakumuuliza "kwa nini". Swali hilo humfanya mtu ajitetee. Alimuuliza, "Ukifika nyumbani usiku, nini hutokea?" Ikajulikana kwamba hufika saa tatu, pengine hesabu ya mwenye bajaji, shilingi 20,000, haijatimia, mlangoni anapokewa na unga, ada na deni la duka. Hunyamaza asije akapayuka. Mke akarudia, akapatia mara ya pili, kisha akaongeza lake: yeye huamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya vitumbua, na saa tatu usiku ndiyo saa pekee anayomkuta mumewe macho. Ukimya ule aliuona dharau.

Mjomba, zamu yake ilipofika, aliulizwa jambo moja tu: ukoo unaweza kungoja siku mbili kabla ya kudai mchango? Akakubali.

Mume akaomba radhi: "Kama nimekukosea, nisamehe." Mwenyekiti akamwomba aiondoe "kama" na alitaje tendo, maana "kama" hulirudisha kosa kwenye mjadala. Akasema upya: "Nilitoa laki moja bila kukwambia, ukaaibika mbele za watu. Nisamehe."

Nikaandika makubaliano. Mtoto asitumwe maneno. Mtu akiingia, aoge na ale kwanza. Hesabu za nyumba zizungumzwe Ijumaa baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala, zisizidi nusu saa. Fedha inayozidi 20,000 kwenda kwa ndugu wa upande wowote isemwe kabla haijatoka.

"Elfu kumi," mke akasema.

"Elfu kumi hata rambirambi haitoshi."

"Basi misiba tuitoe."

"Ukiitoa misiba, elfu kumi na tano."

Walivutana hivyo wenyewe kwa wenyewe, na mwenyekiti hakuingilia. Nikafuta 20,000, nikaandika 15,000 isipokuwa misiba, wakatia sahihi, mjomba akiwa shahidi. Kikao cha pili kilipangwa baada ya wiki mbili. Hati hakuna aliyeiulizia siku hiyo.