Nilivyofundisha tabla kwa mizani za shairi

Nimelelewa Mombasa, ndani ya taarab, na tabla, zile ngoma mbili za Kihindi zinazopigwa kwa vidole, niliijua kwa kuiga tu. Mzee wetu wa tabla akichoka, naketi mimi. Vidole vilikwenda, watu wakatunza, nami nikajiona fundi. Kisha nikaenda India, mji wa Pune, kusoma uhasibu, na jioni nikajiunga na mwalimu wa tabla.

Mwalimu yule hakunipa ngoma. Alinikalisha mkekani niseme. Dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Huo ndio mzunguko wa teental, mapigo 16, na kila sauti ina mahali pake mkononi: ge ni ngoma nene ya kushoto, sauti ya "na" ni ukingo wa ile ndogo ya kulia, dha ni zote mbili kwa pamoja. Unapiga kofi pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 unapunga mkono hewani, kofi tupu, wanaliita khali. Pigo la kwanza ni sam, nyumbani, ambako kila mtu hurudi. Miezi ilipita nikisema tu. Niliudhika, sitaficha.

Niliporudi, vijana wawili wa taarab wakaniomba niwafundishe. Nikawahesabisha moja hadi kumi na sita, na hapo ndipo nilipoharibu. Hesabu yetu haifai kwa ngoma! Moja, mbili, tatu zinakwenda vizuri, lakini ukifika kumi na moja mdomo umejaa na pigo limekwisha pita. Kila siku walianguka palepale.

Dawa nilikuwa nayo tangu shuleni. Mshororo wa shairi una mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili. Nikatunga mmoja: "Mkono ukipotea, ulimi wautafuta." Wakausema silabi moja kwa kila pigo, wakipiga makofi. Utao unaanzia pigo la 9, penye khali, kwa hiyo pale pa kuvuta pumzi ndipo mkono unapopunga. Wiki moja ilitosha. Baada ya hapo nikaondoa maneno, nikaweka dha na dhin.

Kutunga kulinitoa jasho zaidi. Dada mmoja anayecheza kathak, dansi ya Kihindi ya miguu na mizunguko, mwenye njuga miguuni utafikiri mvua ya mawe juu ya bati, alitaka tihai ya jhaptal, mzunguko wa mapigo 10. Tihai ni fungu moja linalorudiwa mara tatu, na dha ya mwisho lazima iangukie sam. Nilipanga mapigo 10. Siku ya mazoezi dha ikaanguka, dada akasimama kama sanamu, mkono juu, na tashkota, ile ala ya nyuzi na vibonye iliyokuwa ikituwekea mzunguko, ikafika nyumbani pigo moja baadaye.

"Kaka, umeniacha mlangoni," akaniambia.

Kosa langu lilikuwa dogo la kijinga: sam ninayoilenga si ya mzunguko huu, ni ya ule unaofuata. Hesabu ni 11: mapigo 10 ya mzunguko, na sam inayofuata. Nikaweka gadi gena dha, mapigo 3, pengo la 1, tena 3, pengo 1, tena 3. Ikakaa. Lakini dada hakuridhika. Pengo la pigo moja halimtoshi kuzunguka, na mimi kwa mazoea ya taarab nilikuwa nalijaza besi hata hilo moja. Mpiga ngoma huogopa kimya. Mchezaji anaishi humo.

Basi nikachukua mizunguko miwili, yaani 21. Fungu likawa tite kata gadi gena dha, mapigo 5, na pengo 3: tano, tatu, tano, tatu, tano. Nikatoa mikono kabisa kwenye mapengo. Kabla ya kucheza aliisema yote kwa mdomo, makofi mkononi, kama desturi ya kathak ilivyo, ndipo akazunguka kwenye kila kimya, njuga peke yake zikisikika, na mguu ukatua pamoja na tashkota.

Sasa anataka ya rupak, mapigo 7, ambayo sam yake yenyewe ni khali. Mzunguko mmoja ni mfupi mno. Nimechukua miwili, 15: fungu la mapigo 3, pengo la mapigo 3, na fungu la mwisho linatua kwenye kofi tupu. Vijana wangu wanasema haliwezekani, mtu atatuaje hewani? Jumamosi tunajaribu.