Siku moja gereji Makorora: Corolla isiyoachia breki

Saa 12:15 asubuhi

Nimefungua gereji kabla jua halijapanda juu ya mapaa. Usiku nililala nikiwaza gari la Mwalimu. Sisi tupo Makorora, hapa Tanga mjini, chini ya mkungu mkubwa, na sakafu ya saruji tuliyoimwaga wenyewe inatosha magari mawili. Dogo ninayemfundisha kazi ameshafagia majani na anamwagia maji vumbi. Baiskeli zinapita kuelekea Ngamiani, kengele zinalia.

Gari lenyewe ni Corolla ya mwaka 1996. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama wa makamo ya kuitwa bibi, na analiendesha mwenyewe. Alilileta jana magharibi. Likitoka nyumbani asubuhi linakwenda vizuri kabisa, lakini baada ya nusu saa linakuwa zito kana kwamba linaburuta gogo. Magurudumu ya mbele yananuka kuungua, na ukisogeza kiganja karibu na rimu unasikia joto kama la jiko la mkaa. Ukiliacha likapoa, linaachia, unaondoka kama hakuna kilichotokea.

Ameshapita gereji mbili. Moja walimbadilishia pedi za breki. Nyingine wakabadilisha pedi tena, diski zote mbili za mbele na kalipa ya kulia, kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski. Pensheni imeingia kwenye vyuma vipya na joto liko palepale. Inaniuma, kwa sababu hakuna aliyelisubiri gari lipate ugonjwa wake ndipo aanze kupima. Jumamosi anataka kupanda Soni, milimani njia ya Lushoto, kwa binti yake. Aliyewahi kushuka zile kona za kutoka Lushoto hadi Mombo anajua kwa nini sikulala.

Saa 1:00 asubuhi

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeligundua?"

"Bado sijagusa hata nati. Nataka kwanza unieleze, lilianza lini?"

Akafikiri, mkoba ukiwa kifuani. "Mwezi wa tatu. Kabla ya hapo halijawahi kunisumbua."

"Na huo mwezi wa tatu lilifanyiwa nini?"

"Breki ilikuwa ngumu, nakanyaga kama nakanyaga jiwe. Wakaniwekea lile puto kubwa la chuma linalokaa nyuma ya masta silinda, ile pampu ya breki. La mtumba, limetoka kwenye gari jingine."

Puto hilo sisi tunaliita busta, ndilo linaloongezea mguu nguvu. Nikachukua kipande cha boksi nikaandika: busta ya mtumba, mwezi wa tatu. Sikusema kitu zaidi, maana kumpa mtu jibu kabla ya kupima ndiko kulikomfikisha hapa. Nilimwambia aende zake akapumzike, nitampigia.

Saa 1:40 asubuhi

Jambo la kwanza, mafuta ya breki. Mtu akiongeza oili ya injini au ya gia kwenye kikopo cha breki, hata kidogo, mipira yote ya ndani inavimba, na breki zinaanza kujishika zenyewe. Nikaomba glasi ya maji kwa mama lishe wa jirani, nikavuta matone machache kwa bomba la sindano nikayadondosha. Mafuta halali ya breki yanachanganyika na maji. Oili ingeelea juu na kufanya miduara. Dogo aliinama mpaka pua ikakaribia glasi. Matone yalizama, yakayeyuka yote. Rangi yake ilikuwa kama chai iliyokaa, lakini oili haimo.

Pedali nayo nikaibonyeza kwa kidole. Ina nafasi ya kama milimita tatu kabla haijaanza kusukuma, kwa hiyo swichi ya taa za breki haiishikilii. Tukainua mbele kwa jeki, tukaweka stendi, tukazungusha magurudumu kwa mkono. Mepesi yote mawili. Hapo ndipo mafundi wengi wanapodanganyika: gari limelala usiku kucha, limepoa, unalizungusha, linakuambia halina neno.

Saa 2:30 asubuhi

Bajaji ya kubadilisha kebo ya breki. Noah inayovuja maji kwenye hozi ya rejeta. Dogo amefanya zote mbili, mimi nimekagua tu. Chai ya rangi na mihogo ya kukaanga, tumekula tumesimama.

Saa 4:10 asubuhi

Tumeingia barabarani kulitafuta joto. Nimechukua njia ya Kange, nikatoka mpaka Pongwe, nikageuza. Nilikuwa nakanyaga breki kila baada ya muda kama mtu anayepita kwenye matuta. Kwenda hakukuwa na tatizo. Wakati wa kurudi, kabla hatujafika Kange, usukani ukaanza kutetema kidogo na injini ikawa inadai mafuta zaidi kwa mwendo uleule. Nikaweka frii kwenye sehemu tambarare. Gari lililotakiwa kuserereka likajisimamisha lenyewe.

"Hilo hapo," nikamwambia dogo. "Sasa usiguse kitu."

Alikuwa ameshashika dumu la maji. Nikamwambia aliweke. Diski iliyoiva ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka, na zaidi ya hapo, mimi nalitaka hilo joto. Tumelileta polepole mpaka gereji, hatukuzidi mwendo wa baiskeli.

Saa 5:05 asubuhi

Hii ndiyo saa niliyoingojea.

Mawe nyuma ya matairi ya nyuma, jeki, stendi. Nikajaribu gurudumu la kulia: haliendi. La kushoto: haliendi. Mahali pa kujishika ni pengi. Inaweza kuwa pistoni ya kalipa imekula kutu, au pini za kalipa zimekauka. Inaweza kuwa mpira wa breki, lile bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa, umeziba, au juu kabisa masta silinda hairudishi mafuta kwenye kikopo. Fundi mwenye haraka angefungua nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa, mafuta yaruke, gurudumu liachie, na asijue presha ilikuwa imefungiwa wapi. Mimi nimeanzia juu.

Masta silinda ya gari hili imefungwa kwenye busta kwa nati mbili, spana namba 12. Nikazilegeza nyuzi chache, nikaivuta masta mbele kidogo kwa mkono.

"Zungusha kulia."

Likazunguka. Dogo akacheka kwa furaha, akazungusha tena na tena.

"Zungusha kushoto."

Halikuzunguka.

Tukatazamana. Gari moja, maradhi mawili, na kila moja lilikuwa linamficha mwenzake. Ndiyo maana kalipa mpya haikusaidia.

La kulia lilikuwa limeshajieleza. Ndani ya busta kuna fimbo inayosukuma pistoni ya masta. Ukiinua mguu, pistoni lazima irudi nyuma mpaka mwisho, ipite tundu dogo linalorudisha mafuta kwenye kikopo. Fimbo ikiwa ndefu, hata kwa unene wa ukucha, pistoni hairudi yote, na lile tundu linabaki limefunikwa. Asubuhi hujui. Ukiendesha, mafuta yanapata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi. Pedi zikisugua joto linazidi, mafuta yanatanuka zaidi, breki zinabana zaidi. Mbele kunateseka kwanza, kwa sababu breki za nyuma ni za dramu, nazo zina springi za kuvuta shuu, yaani vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, zirudi.

La kushoto sasa. Nikalegeza nati inayounganisha bomba la chuma na mpira wa breki, ile ya juu ya mpira. Mafuta yakachuruzika, gurudumu likabaki limekamatwa. Kwa hiyo juu ya mpira hakuna presha iliyofungiwa. Nikashuka kwenye kalipa, nikafungua nati ya kutolea upepo robo mzunguko. Yakaruka! Na gurudumu likaachia papo hapo mkononi mwa dogo. Kama lingebaki limeshika hata baada ya hapo, ningeshuku kalipa na pini zake. Lakini ugonjwa umejulikana: mpira wenyewe. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, pistoni ya kalipa haina nguvu ya kuyarudisha.

Saa 6:45 mchana

Adhana ya adhuhuri. Nimenawa kwa sabuni ya unga na mchanga, nikaenda kuswali. Kisha bada kwa mchuzi wa papa.

Saa 8:00 mchana

Tumeitoa masta silinda. Nimepima kina cha tundu la pistoni kwa mkia wa vernia, kile kipimo cha milimita, kisha nikapima urefu wa fimbo unaotokeza kwenye busta. Fimbo ilizidi kwa milimita moja na kidogo. Ncha yake ni skrubu, unaikaza au kuilegeza. Nikaikaza, nikapima, nikaikaza tena, mpaka ikabaki nafasi ndogo sana, chini ya milimita moja. Ukiifupisha mno nayo ni hatari, pedali itazama sana kabla breki hazijashika. Aliyefunga busta ile aliichukua kama ilivyotoka gari jingine. Vipimo hivi vingemchukua dakika kumi.

Mipira ya mbele nimebadilisha yote miwili, maana imezeeka pamoja. Pedi zile mpya zilikuwa zimeungua, uso unang'aa kama kioo, nazo nimezitoa. Vumbi la breki tumelifuta kwa kitambaa kibichi. Dogo hupenda kulipuliza, na kila siku namkataza, kwa sababu pedi na shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto na mapafu hayana spea. Pini za kalipa tumezisugua kwa msasa laini na kuzipaka grisi ya breki isiyodhuru mpira.

Kisha mafuta mapya yote, ya daraja la DOT 3 kama kifuniko cha kikopo kinavyoagiza. Yakiwa mapya, kiwango chake ni kutochemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, na hewa ya Tanga unaijua, kiwango hicho kinashuka mpaka nyuzi 140. Mafuta yakichemka ndani ya bomba, mvuke unabonyea, mguu unazama mpaka sakafuni. Nilimfikiria Mwalimu kwenye kona za Soni na mafuta yale ya rangi ya chai, nikarudia kutoa upepo mara mbili kila gurudumu.

Saa 9:50 alasiri

Kange, Pongwe, kurudi. Safari hii nilikwenda na kurudi mara mbili. Kwenye ile tambarare niliweka frii, gari likaserereka mpaka mwenye bodaboda nyuma akapiga honi. Tulipofika nikashika rimu zote mbili kwa kiganja kizima. Vuguvugu, sawasawa kulia na kushoto. Tukalipandisha kwenye jeki likiwa na joto lake, magurudumu yakazunguka.

Saa 11:20 jioni

Mwalimu amekuja na mjukuu. Nimemfungulia boneti nikamweleza kila hatua, na bei ya kila kitu nimemwandikia. Nimemwomba kabla ya Jumamosi aliendeshe siku mbili hapa mjini, na akisikia harufu yoyote arudi bila kuogopa gharama.

"Lakini hasa ni nini kilichokuwa kinabana, mwanangu?"

Dogo alikuwa ameshaupasua ule mpira wa kushoto kwa kisu. Nje ulikuwa mzima, mweusi, hauna hata ufa. Lakini pale unaposhikiliwa na kishikio cha chuma, kutu ilikuwa imejaa ndani ya kishikio ikaukaba, na njia ya kati ilikuwa imevimba na kufumbana hata pini ya kushonea ilipita kwa shida. Mwalimu akavaa miwani. Akaugeuza juani, akautazama kimya kwa muda, akampa mjukuu naye atazame.

"Kitu hiki tu," akasema.

Aliuomba akauchukua nusu, akaufunga kwenye kanga. Nusu nyingine dogo ameipigilia msumari ukutani, juu ya sanduku la spana.