Kumbukumbu ya mradi: moduli tupu ya kamera ya USB bandani, mchana na usiku

Lengo: kurekodi banda la kuku la mita 5 kwa 3 saa 24, mchana kwa rangi na usiku bila taa inayoonekana kwa macho, ili ijulikane anayeingia ni kicheche, paka pori au panya tu. Hali ya sasa: kamera inarekodi mfululizo, filta ya kuzuia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inajigeuza jioni na alfajiri, na ukungu mweupe uliokuwa unafunika picha ya usiku umekwisha. Kazi kubwa haikuwa kamera. Ilikuwa mwanga na ile filta.

Moduli

Bodi ni ya mm 38 kwa 38, kihisi chake ni OV2710 (pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli mikromita 3), na lenzi ni ya mm 3.6 yenye uzi wa M12. Kwa kuwa inafuata UVC (kanuni ya pamoja ya kamera za USB), Linux ya Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo inayorekodi, huitambua bila draiva. Nyaya, risista na LED utazikuta Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi). Moduli yenyewe mara nyingi ni ya kuagiza, na hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu bodi za sura moja huuzwa kwa namna tatu: yenye filta ya infraredi iliyogandishwa (mchana safi, usiku kipofu), isiyo na filta kabisa (usiku safi, mchana majani yanapauka na nguo nyeusi zinakuwa zambarau), na yenye filta inayohama. Kwa kazi hii ni hiyo ya tatu tu. Ina kisanduku kidogo cha plastiki kati ya lenzi na bodi, na nyaya mbili nyembamba zinatoka ubavuni.

Hesabu ya lenzi ifanywe kabla ya kutoboa tundu lolote. Upana wa kihisi ni 1920 × 0.003, yaani mm 5.76. Gawa kwa mm 3.6, zidisha kwa umbali: kwa mita 5 unaona upana wa mita 8, sawa na pikseli 240 kwa kila mita. Hiyo inatosha kumtofautisha panya na kicheche. Lenzi ya mm 6 ingeona mita 4.8 tu na kuacha pembe za banda nje.

Jaribio la mezani

`v4l2-ctl --list-devices` (v4l2-ctl ni programu ya Linux ya kukagua na kupanga kamera) ilitoa video0 na video1. Usishangae: ya pili hubeba taarifa za fremu, haina picha. Katika hati za amri tumetumia njia iliyo chini ya /dev/v4l/by-id/, kwa sababu namba hubadilika ukichomeka kifaa kingine.

`v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext` ndiyo inayoonyesha kama uliletewa ulichonunua. Katika 1080p, YUYV (picha isiyobanwa) iliishia fremu 5 kwa sekunde na MJPG (kila fremu imebanwa kama JPEG) ikafika 30. Si ubovu. Picha isiyobanwa ya ukubwa huo ni baiti 2 kwa pikseli, na kwa fremu 30 inakaribia megabiti 1000 kwa sekunde, wakati USB 2.0 mwisho wake ni 480. Kwa hiyo chagua MJPG, na uiandike wazi kwenye amri. Programu nyingi zisipoambiwa hujichukulia YUYV, kisha mtu analalamika kwamba kamera inakwama.

Mchana ndani ya nyumba palitokea michirizi inayopanda polepole. Moduli ilikuwa imewekwa kwa umeme wa Hz 60, na huku kwetu ni Hz 50. `v4l2-ctl -c power_line_frequency=1` iliimaliza.

Filta inayohama

Ndani ya kile kisanduku kuna koili na vioo viwili: kimoja kinazuia infraredi, kingine ni cheupe kitupu. Hicho cheupe si pambo. Kioo cha unene wa mm 0.3 husogeza fokasi kwa takriban theluthi ya unene wake, yaani mm 0.1, na kwenye uzi wa M12 wenye hatua ya mm 0.5 hiyo ni moja ya tano ya mzunguko. Ndiyo maana wanaobandua filta ya moduli ya kawaida kwa wembe huishia na picha ya ukungu na kuilaumu lenzi.

Koili inataka msukumo mfupi tu. Chanya na hasi upande huu, inaenda mchana. Zigeuze, inaenda usiku. Sumaku inashikilia yenyewe. Tumetoa milisekunde 100 kupitia DRV8833 (chipu inayoweza kugeuza mwelekeo wa umeme) kwa volti 5. Ukiuacha umeme ukae, koili inapata moto na plastiki inapinda. Usiiunganishe moja kwa moja na pini za Raspberry Pi pia: pini haifai kuvutwa zaidi ya mA 16, na koili kama hii, yenye makumi ya omu, inahitaji zaidi ya mara tano ya hapo.

Kupima: sikiliza "tik", kisha ielekezee kamera rimoti ya TV na ubonyeze. Upande wa mchana taa ya rimoti haionekani au inaonekana kwa mbali. Upande wa usiku inawaka kama tochi.

Taa

LED ni 12 za mm 5, nm 850, kikomo cha mA 100 kila moja. Za nm 940 hazionekani kabisa kwa macho, ila kihisi huziona kwa unyonge zaidi, kwa hiyo zingehitajika nyingi. Za 850 huonyesha nukta nyekundu iliyofifia ukizitazama uso kwa uso.

Mpango wa kwanza ulikuwa LED 6 kwa mfululizo na risista ya omu 33 moja kwa moja kwenye betri. Kwenye karatasi ulipendeza: LED 6 × volti 1.5 ni volti 9, zinabaki 3, gawa kwa 33, mA 91. Tatizo ni kwamba "betri ya volti 12" ikiwa inachajiwa na sola hufika 14.4. Hapo zinabaki volti 5.4 na LED zinakula mA 164, na hata zisipokufa siku hiyo, zitafifia mapema. Mpango uliobaki: kishusha volti cha LM2596 kimewekwa volti 9, mistari mitatu ya LED nne nne, kila mstari na risista ya omu 47 ya nusu wati. Ni mA 64 kwa mstari, jumla wati 1.7. Tumeacha nafasi chini ya kikomo kwa makusudi, kwa sababu chini ya bati joto ni kali.

Swichi ni transista ya IRLZ44N. Zile bodi za bei rahisi zenye IRF520 hazifunguki vizuri kwa volti 3.3 za Pi. Zitawaka nusunusu na kupata moto. Risista ya kilo-omu 10 kutoka geti (mguu wa transista unaopokea amri) kwenda hasi inazuia taa kujiwakia wakati Pi inaanza.

Usiku wa kwanza picha yote ilikuwa maziwa. LED na lenzi zilikaa nyuma ya kioo kimoja, na mwanga ulikuwa unasafiri ndani ya kioo hadi kwenye lenzi. Tukaweka pete ya sponji nyeusi kuizunguka lenzi hadi iguse kioo. Haikusaidia sana. Sababu: kilicho cheusi kwa jicho si lazima kiwe cheusi kwa nm 850. Sponji ile mbele ya kamera ya usiku ilionekana kijivu cheupe. Pima kila kitu "cheusi" kwa kamera yenyewe kabla ya kukigundisha. Mwishowe LED zimetolewa kabisa kwenye kisanduku cha kamera, zikawekwa sentimita 60 pembeni. Faida nyingine: wadudu na utando wa buibui, vikiwa mbele ya taa, haviwi mbele ya lenzi.

Likabaki doa jeupe katikati na giza pembeni, kwa kuwa LED hizi zina miali myembamba. Mistari miwili imeelekezwa kwenye ukuta uliopakwa chokaa ili mwanga urudi kwa upole, mmoja mlangoni. Usielekeze kwenye bati. Linarudisha kama kioo.

Nani aamue kwamba ni usiku

Kutumia mwangaza wa picha yenyewe ni mtego: giza linaingia, taa zinawaka, picha inang'aa, programu inadhani kumekucha, inazima, na mchezo unaanza upya. Fototransista (transista inayohisi mwanga) huleta ugonjwa huohuo kwa kuwa nayo inaiona infraredi. LDR ya kawaida (risista inayobadilika kwa mwanga, GL5528) hufuata zaidi mwanga wa macho, kwa hiyo ndiyo iliyotumika, na bodi ya LM393 inayolinganisha volti na kutoa ndiyo au hapana. Bodi hiyo ipewe volti 3.3, si 5, vinginevyo pini ya Pi inapokea volti 5. Hali lazima idumu sekunde 120 ndipo igeuzwe, ili wingu au tochi ya mpita njia isihesabike. Huku kwetu giza huingia haraka, hivyo dakika mbili si hasara.

Mpangilio wa kwenda usiku: filta kwanza, taa baadaye, kisha rangi na muda wa mwanga:

`v4l2-ctl -c saturation=0 -c auto_exposure=1 -c exposure_time_absolute=200`

Kwenye kerneli (kiini cha Linux) za zamani majina ni exposure_auto na exposure_absolute. Kipimo ni sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo 200 ni milisekunde 20. Ukiiacha kamera ijiamulie, gizani inarefusha muda na kushusha fremu, na kicheche anayekimbia anakuwa mstari wa moshi. Kuondoa rangi nako si urembo: chenga za rangi hulafua biti za video bure. Mipangilio hii hupotea kamera ikichomolewa, hivyo hati huirudia kila huduma inapoanza.

Fokasi imewekwa usiku, chini ya infraredi, kisha ikakaguliwa mchana. Infraredi hukutana nyuma kidogo ya mwanga wa kawaida, na lenzi isiyosahihishwa kwa infraredi haiwezi kuwa kali pande zote mbili. Hapa usiku umepewa kipaumbele. Mchana manyoya yamepoteza ukali kidogo, inavumilika.

Kurekodi na umeme

`ffmpeg -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 -framerate 30 -i /dev/video0 -vf format=yuv420p -c:v h264_v4l2m2m -b:v 2M -f segment -segment_time 600 -strftime 1 -reset_timestamps 1 /video/%Y%m%d-%H%M%S.mkv`

ffmpeg ndiyo programu inayobana na kuhifadhi video. Weka njia ya by-id mahali pa video0. Hii ni Raspberry Pi 4. Pi 5 haina kibanaji cha H.264 ndani ya chipu, hivyo amri hii haitafanya kazi huko. Megabiti 2 kwa sekunde ni GB 21.6 kwa siku, na kadi ya GB 128 inabeba siku tano na ushee. 720p imechaguliwa kwa ajili ya nafasi. Pikseli 160 kwa mita bado zinatosha.

Pi na kamera tumevikadiria wati 5. Ukiongeza upotevu wa vishusha volti, siku nzima pamoja na taa za usiku inafika Wh 157 hivi, na usiku peke yake Wh 91. Betri ya risasi ya Ah 20 ina Wh 240, na ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 120. Paneli ni ya wati 80.

Kebo ya USB isizidi mita 5. Kabla ya hapo tayari nyembamba zinaleta shida: kamera inapotea inapoanza kutoa picha na `dmesg` (kumbukumbu ya kerneli) inaonyesha imejikata na kurudi. Kebo ya mita 3 yenye nyaya nene za umeme imetulia.

Yaliyobaki

Vumbi la manyoya hukaa kwenye kioo na usiku linang'aa hata pale mchana kinapoonekana safi, hivyo kwa sasa kinafutwa kila Jumatatu na Ijumaa. Linalofuata ni kubadilisha mstari wa mlangoni uwe wa nm 940, muda wa mwanga ukibaki uleule, na kulinganisha fremu mbili za saa nane usiku.