Demani mkononi mwa ami

Juzi usiku umeme ulikatika, tukakaa barazani na taa ya chemli. Mtoto wa kaka yangu akaniuliza, "Shangazi, huo moto wenu wa huko Ulaya mnaushika na nini?" Nikamwambia, kwa sumaku. Akafikiri kidogo. "Na ukitaka kutoka?"

Swali hilo lilinirudisha Julai ile niliyokuja Lamu na ombi lililokataliwa ndani ya mkoba.

Kazi yetu ni kuchunguza muungano wa nyuklia, moto kama ule wa ndani ya jua, nayo huenda hivi: mtambo mmoja, watafiti wengi. Kila mmoja huandika ombi la jaribio, aeleze anataka kujua nini na anahitaji mipigo mingapi, yaani mtambo uwashwe mara ngapi. Mpigo wenyewe ni sekunde chache tu, lakini huusubiri kwa miezi. Ombi langu lilihusu miripuko ya ukingoni mwa plazima, yaani gesi iliyopashwa mpaka atomi zake zikavunjika; ndiyo huo moto tunaoushika kwa sumaku. Mwaka 1982, kule Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona katika mtambo wa ASDEX kwamba plazima ikipashwa vya kutosha, hujijengea ukuta ukingoni mwake na joto likadumu ndani karibu mara mbili. Ni neema kubwa, ila ina gharama. Kanieneo hupanda pale ukingoni mpaka ukuta ushindwe, na kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde joto humwagika kwenye vigae vya mtambo. Katika mitambo ya leo vigae huvumilia. Katika ITER, mtambo mkubwa wa kimataifa unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ambako plazima inatarajiwa kufika nyuzi milioni 150, miripuko mikubwa ingevila vigae hata vikiwa vya tungsteni, metali inayostahimili joto kali.

Dawa mojawapo ni kuzungushia koili ndogo, yaani nyaya za umeme zilizoviringwa, zinazouvuruga kidogo uga wa sumaku pale ukingoni, ili plazima ivuje polepole badala ya kuripuka. Watafiti wa San Diego, Marekani, walishaonyesha kwamba yawezekana. Mimi niliomba koili ziwashwe kwa nguvu zote, tuone miripuko ikikoma. Nikakataliwa, na nikaumia sana.

Siku ya tatu nyumbani, ami alinichukua kwa mashua kutoka Matondoni, tumepakia makuti. Tulipokuwa nyuma ya mikoko maji yalilala kama sahani. Tulipotokeza kwenye uwazi, kusi ikatupiga.

Nilikuwa nimekaa karibu na mkono wake. Demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, ilikuwa ya nailoni ya samawati, imechakaa mpaka nyuzi zimesimama kama manyoya, naye ameizungusha mara moja tu kwenye kijiti. Hakuifunga. Upepo ulipokaza, tanga likavimba, ubavu wa mashua ukalala hadi maji yakaramba ukingo, nami nikashika makuti kwa mikono miwili. Ami akaachia kamba kama shubiri moja. Ikalia kwenye kijiti, tanga likatikisika pembeni, mashua ikainuka. Akavuta tena. Upepo ukaja, akaachia, safari hii vidole viwili tu. Hakutazama mkono wake hata mara moja.

"Ami, kwa nini usiiachie yote tu, tukapumzika?"

"Mwanangu, nikiiachia yote tutalala hapa hapa. Nikiifunga tutazama. Wewe wataka kufika au hutaki?"

Nilinyamaza mpaka Lamu mjini. Niliomba miripuko ikome, wala sikuuliza safari itaendeleaje. Koili zikivuruga uga kupita kiasi, plazima hupoteza chembe zake, msongamano hushuka, na ule ukuta tuliousifu hudhoofika. Swali halikuwa kama dawa inafanya kazi. Swali lilikuwa: ni kiasi gani kidogo kabisa kinachotosha?

Usiku huo niliandika upya. Mkondo wa umeme wa koili upandishwe hatua kwa hatua, mpigo baada ya mpigo, na kila hatua tupime vitu viwili pamoja: ukubwa wa miripuko na joto linalobaki ndani. Ombi likapita. Tulipata kiasi kilichofaa katika baadhi ya mipigo. Katika mingine, kwa mkondo ule ule, plazima iliripuka kama kwamba hatukuwepo.

Mpaka leo hilo linaninyima usingizi. Mtoto nilimjibu kwamba tunauachia moto kidogo kidogo, akaridhika akalala. Mimi nikabaki na taa, nikiukumbuka ule mkono. Mara ile ya pili ami aliachia kamba kabla mashua haijaanza kulala, nina hakika. Aliona nini? Rangi ya maji mbele yetu, au kamba yenyewe ilimwambia kwenye kiganja? Miaka yote hii sijamuuliza. Yupo bado, Matondoni, ingawa habebi tena mizigo. Kesho asubuhi nakwenda.