Mpini wa Pembe kwa Kisu cha Kukunja

Katika kutengeneza kisu cha kukunja kwa mtindo wa kale wa Sheffield, Uingereza, kazi inayonichukua muda mwingi ni kulinganisha springi ya mgongoni mwa mpini na kisigino cha ubapa, yaani ncha yake iliyo ndani ya mpini, kwa kuwa kisu hiki hakina kifungio kingine: mkandamizo wa springi hiyo pekee ndio unaoushikilia ubapa, uwe umefunguliwa au umekunjwa. Huipiga tupa kidogo kidogo, nikijaribu kwa pini ya muda, kabla ya kuvipasha moto vyuma vyote viwili na kuvizima katika mafuta ili viwe vigumu. Kisha springi hupashwa tena hadi igeuke buluu, ili ipinde bila kukatika.

Mpini hutokana na pembe za kulungu dume (deer), ambazo ni mfupa, huanguka na kuota upya kila mwaka. Kiini chake kina vitundu kama sifongo, hivyo hutumika ganda la nje tu, na mikwaruzo yake ya asili haipigwi msasa. Vumbi lake hunuka vibaya na hudhuru mapafu. Barakoa ni lazima. Mafundi wa Sheffield walithamini sana pembe za sambari, aina ya kulungu wa India, zenye ganda nene, lakini mimi natumia za kulungu mwekundu wa Scotland, na sioni upungufu wowote.